Oktoati ya bati na wapinzani wake: uhakiki wa vianzishi vya metali kwa polima zinazooza

Yeyote anayetaka kutengeneza polilaktidi au polikaprolaktoni maabarani hukabiliwa mapema na swali la ununuzi: ni kampaundi ipi ya metali itakayoifungua pete ya monoma (molekuli ndogo ya kuanzia, yaani laktidi au kaprolaktoni) na kuunga molekuli moja baada ya nyingine hadi upatikane mnyororo mrefu? Majarida ya kemia yameeleza mamia ya kampaundi changamano za metali zinazofanya kazi hiyo, kila moja ikiwa na ligandi yake (molekuli inayoishika metali), lakini orodha za wauzaji wa kemikali ni fupi zaidi. Humo utakuta oktoati ya bati, isopropoksidi ya aluminiamu, diethili ya zinki, na ligandi kadhaa ambazo mnunuzi ataziunganisha na metali kwa mkono wake mwenyewe. Uhakiki huu unahusu zaidi oktoati ya bati, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa na wengi, na hao wengine nimewapima kwa kuwalinganisha nayo. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa anayeyeyusha laktidi ya aina ya L (moja ya sura zake mbili) na kutaka polima ngumu, hakuna chupa inayoishinda hii, ila anayeinunua akidhani amepata kianzishi kamili amepata nusu tu, na nusu ya pili ataitoa mwenyewe, kwa kujua au kwa kutojua.

Jina lake kamili ni 2-ethilheksanoati ya bati(II). Ni kimiminika kizito chenye rangi ya manjano hafifu, uzito wake wa molekuli ni 405, na mililita moja ina gramu 1.25 hivi. Sifa yake ya kwanza ni kuyeyuka kwa urahisi katika toluini na, lililo muhimu zaidi, katika laktidi iliyoyeyuka yenyewe, hivyo mtumiaji hahitaji kiyeyushi chochote. Sifa ya pili ni uvumilivu. Ukiifungua chupa kwa muda mfupi nje ya kisanduku cha glavu, kile kisichoingiza hewa, haitawaka wala kutoa moshi, tofauti kabisa na diethili ya zinki, ambayo huwaka yenyewe ikigusa hewa. Imekula chumvi nyingi katika viwanda vya povu la poliurethani, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inairuhusu katika utengenezaji wa mipako inayogusana na chakula. Kwa bidhaa ya maabara, hizo ni sifa nzito.

Ili kueleza kwa nini naiita nusu ya kianzishi, sina budi kuonyesha inavyofanya kazi. Atomi ya bati imeshikwa na mabaki mawili ya asidi, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloanzisha mnyororo kwa kasi ya maana. Ukiongeza alkoholi, mabadilishano hutokea: alkoholi huchukua nafasi ya baki moja, asidi huachiliwa, na bati hubaki limeshikana na oksijeni ya alkoholi. Alkoksidi hiyo ya bati ndiyo inayofanya kazi. Laktidi hujishikiza kwenye metali kwa oksijeni ya kundi lake la kaboni na oksijeni, alkoksidi huishambulia kaboni hiyo, kifungo cha esta hukatika, pete hufunguka, na mwisho wa pete iliyofunguka huwa ndio alkoksidi mpya inayosubiri monoma inayofuata. Kundi la Penczek, Duda na Kowalski mjini Łódź lilithibitisha jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya mabishano marefu, kwa kuonyesha kwa spektrometa ya masi minyororo ambayo bado ilikuwa imeshikilia bati kwenye ncha. Matokeo yake kwa mtumiaji ni mepesi kuyataja na mazito kuyatekeleza: idadi ya minyororo huamuliwa na idadi ya molekuli za alkoholi, si na idadi ya atomi za bati.

Tuchukue mfano wa kazi ya kawaida. Gramu 5 za laktidi ni milimoli 34.7 hivi. Ukitaka kila mnyororo uwe na laktidi 100, utaweka milimoli 0.347 za alkoholi ya benzili, yaani miligramu 37.5, na uzito wa molekuli unaoutarajia utakuwa karibu gramu 14,500 kwa moli: 144 mara 100, pamoja na 108 za alkoholi iliyobaki kwenye ncha. Oktoati yenyewe, kwa uwiano wa laktidi 1,000 kwa bati 1, itahitajika miligramu 14 tu, ambazo ni mikrolita 11 za kimiminika chenye mnato. Hakuna bomba la sindano linalopima kiasi hicho kwa uaminifu, kwa sababu sehemu nzuri hubaki imeng'ang'ania ndani ya sindano. Kinachofaa ni kuyeyusha kiasi kikubwa zaidi cha oktoati katika toluini kavu na kupima mmumunyo huo.

Sasa tuseme laktidi hiyo haikukaushwa vizuri, na ndani ya gramu 5 mna miligramu 1 ya maji, sawa na sehemu 200 kwa milioni. Maji nayo huanzisha minyororo. Miligramu hiyo moja ni milimoli 0.056, kwa hiyo idadi ya minyororo huongezeka kwa karibu sehemu moja ya sita, na uzito wa molekuli hushuka kutoka 14,500 hadi 12,500 hivi. Hasara hiyo inavumilika. Lakini kama lengo lilikuwa minyororo yenye laktidi 1,000, alkoholi iliyowekwa ni milimoli 0.0347 tu, maji yamekuwa mengi kuliko alkoholi, na mtu aliyelenga uzito wa 144,000 atapata chini ya 56,000. Malalamiko mengi kwamba oktoati ya bati "haidhibiti uzito" nayapima kwa hesabu hii kwanza. Mara nyingi mkosaji ni laktidi ambayo haikufuwelishwa upya katika toluini, au alkoholi ambayo haikukenekwa, na chupa ya bati inabebeshwa lawama isiyo yake.

Chupa nayo ina makosa yake. Oktoati inayouzwa si safi kabisa. Usafi unaotajwa kwenye lebo huwa karibu na asilimia 95, na zinazobaki ni hasa asidi ya 2-ethilheksanoiki pamoja na maji. (Kwa sadfa tu, uzito wa molekuli wa asidi hiyo ni 144, uleule wa laktidi, kwa hiyo asiyekuwa makini na spektra ya masi anaweza kuyumbishwa.) Asidi hiyo haianzishi minyororo kwa kasi, ila inaurudisha nyuma mlingano wa mabadilishano nilioueleza: kadiri asidi inavyozidi, ndivyo alkoksidi ya bati inavyopungua na kasi kushuka. Chupa mbili za toleo tofauti zinaweza kutoa kasi tofauti katika kazi ileile. Zaidi ya hayo, bati(II) huoksidika polepole kuwa bati(IV) kila hewa inapoingia, na hiyo nayo hubadilisha mwenendo wa chupa kadiri inavyozeeka. Anayehitaji vipimo vya kasi vinavyorudiwa itambidi aikeneke upya chini ya ombwe kali na kuihifadhi ndani ya argoni. Anayehitaji polima tu anaweza kuitumia jinsi ilivyo, mradi aifunge vizuri.

Kwenye joto ndipo bidhaa hii inapojidai. Laktidi ya L huyeyuka karibu na nyuzi 97 za Selsiasi, na polima yake kati ya nyuzi 175 na 180. Ukifanya kazi kwa nyuzi 130 polima huanza kuganda kadiri inavyoundwa. Ukipanda hadi 180 au zaidi, kila kitu hubaki kimiminika na kazi humalizika kwa dakika, si kwa siku. Utaona kwa macho: kisumaku kinachokoroga huzunguka bila shida mwanzoni, kisha mwendo wake unakuwa mzito, kinaanza kurukaruka, na mwishowe kinasimama katikati ya kitu kinachofanana na asali nzito iliyo wazi. Wengi huzima joto hapo, na ni mapema mno, kwa sababu kusimama kwa kisumaku kunaonyesha mnato na hakuonyeshi kwamba laktidi imekwisha. Hata ukisubiri hadi mwisho, katika joto hilo asilimia chache za laktidi zitabaki bila kuunganishwa, kwa kuwa mmenyuko wenyewe ni wa kurudi na kwenda, na hakuna kianzishi kitakachobadilisha hilo. Njia ya viwandani, iliyoelezwa katika hataza za kampuni ya Cargill za miaka ya 1990 na kutekelezwa katika kiwanda cha Blair, Nebraska, kilichofunguliwa 2002, huondoa laktidi hiyo kwa ombwe na kuirudisha mwanzo wa mtambo.

Ukikiacha chombo kwenye joto baada ya laktidi kupungua, bati haliendi likizo. Linaanza kukata na kuunganisha upya esta za minyororo yenyewe, mnyororo mmoja ukiazima kipande cha mwingine, na mtawanyiko wa urefu (1 maana yake minyororo yote inalingana), ambao ungeweza kuwa chini ya 1.2, hupanda kuelekea 2. Kwa kifuko cha kuwekea bidhaa jambo hilo halina uzito. Kwa kopolima ya vitalu, ambayo kitalu kimoja ni kaprolaktoni na kingine laktidi, ni msiba, kwa sababu mipaka ya vitalu hufutika. Bati linalobaki ndani ya polima huendelea na tabia hiyohiyo wakati wa kuyeyusha na kufinyanga, na ndiyo maana viwanda huongeza kemikali za kulizimisha. Kumwaga polima katika methanoli baridi hupunguza bati lakini halitoki lote, kwani sehemu yake imeshikwa kwenye ncha za minyororo. Katika nyuzi za kushonea vidonda na vifaa vingine vya kupandikizwa mwilini, masalia hayo ndiyo hoja kuu ya wanaotafuta metali nyingine, na naiona ni hoja ya haki.

Isopropoksidi ya aluminiamu sitaichelewesha. Ni kianzishi cha kweli: kila atomi ya aluminiamu hubeba alkoksidi tatu na kuanzisha minyororo mitatu bila kuhitaji alkoholi ya pembeni. Tatizo lake ni kwamba katika chupa moja kuna mikusanyiko miwili, wa molekuli tatu na wa molekuli nne, na kwa kaprolaktoni katika joto la kawaida ule wa tatu hufanya kazi upesi huku ule wa nne ukikaa karibu bila kuguswa. Duda na Penczek walilionyesha hilo mwaka 1995. Chupa iliyokenekwa karibuni ina mwingi wa ule wa tatu, na kadiri inavyokaa ndivyo unavyogeuka kuwa wa nne. Siipendekezi kwa asiyekuwa na nafasi ya kuikeneka kabla ya kila kazi.

Aluminiamu iliyoshikwa na ligandi ya saleni, inayoikamata metali kwa nitrojeni mbili na oksijeni mbili, ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo penye jambo ambalo bati haliliwezi kamwe. Laktidi huja kwa sura mbili zinazopingana kama mkono wa kulia na wa kushoto, L na D. Bati halizitofautishi. Ukilipatia mchanganyiko ulio sawa wa sura zote mbili, litazipanga ovyo, na polima itakayotoka haina fuwele wala kiwango cha kuyeyuka, italegea tu ikipita nyuzi 50 na kitu. Mwaka 1996 Spassky na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba methoksidi ya aluminiamu yenye ligandi ya mkono mmoja, ndani ya toluini kwa nyuzi 70, huichagua laktidi ya D kwa kasi iliyo mara 20 hivi ya ile ya L. Baadaye ikaonekana kuwa hata ligandi ya saleni isiyo na mkono inaweza kupanga vipande virefu vya L na vya D katika mnyororo uleule, kwa sababu ncha ya mnyororo yenyewe huongoza uchaguzi. Vipande hivyo hujipanga pamoja na kutoa polima inayoyeyuka juu ya nyuzi 180 kutoka katika mchanganyiko ambao bati lingeugeuza kuwa kitu kisicho na umbo. Na ukichanganya polima tupu ya L na tupu ya D, fuwele zao za pamoja huyeyuka karibu na nyuzi 230, jambo ambalo kundi la Ikada lilitangaza mwaka 1987. Hicho ndicho kilele kinachowindwa na vianzishi hivi vyote.

Kilichonivutia zaidi ni kazi ya kundi la Gibson la mwaka 2004, ambapo ligandi ya saleni ilibadilishwa kidogo kuwa salani, na kuweka klorini mahali pa haidrojeni kwenye pete zake kukageuza mpangilio kutoka vipande vya L na D hadi kupishana kwa L na D. Metali ileile, joto lilelile, na kinachobadilika ni mapambo ya ligandi tu.

Pamoja na sifa zote hizo, vianzishi vya saleni na aluminiamu havina mbio. Kazi ambayo bati huimaliza kwa dakika ndani ya laktidi iliyoyeyuka, hivi huichukulia saa nyingi na wakati mwingine siku kadhaa ndani ya toluini, na maji kidogo yakiingia katika muda mrefu namna hiyo huharibu kila kitu. Nawapa alama za juu kwa utafiti, na alama za chini kwa mtu anayetaka gramu 200 za polima kabla ya mwisho wa wiki.

Zinki ndiyo iliyorudisha kasi. Kundi la Coates huko Cornell mwaka 1999 lilitumia isopropoksidi ya zinki yenye ligandi ya diketiminati, inayoishika metali kwa nitrojeni mbili, na laktidi 200 kwa kila zinki zikaunganishwa kwa nyuzi 20 katika muda usiofika nusu saa, L na D zikipishana kwa uwezekano wa 0.90, na 0.94 katika nyuzi 0. Magnesiamu iliyovaa ligandi hiyohiyo ina kasi zaidi, ila katika diklorometheni hupoteza mpangilio. Kwa uzuri wa kemia sijaona linalozidi hili: metali moja, alkoksidi moja, mnyororo mmoja, na mtawanyiko unaokaribia 1.1. Kwa matumizi, hata hivyo, nina kinyongo. Polima ambayo L na D zinapishana haigandi kuwa fuwele, kwa hiyo ustadi wote huo unaishia kwenye kitu kilicho laini kwenye joto kuliko polilaktidi ya kawaida. Na unyevu kidogo tu huiua kampaundi yenyewe. Inapolipa ni kwenye monoma ngumu: butirolaktoni ya beta, ambayo pete yake ina atomi nne na ambayo oktoati ya bati huishughulikia vibaya, hufunguliwa na zinki hii kwa adabu na kutoa polihaidroksibutirati.

Mpinzani ninayemwona ana uwezo wa kuitoa oktoati kwenye rafu ni zinki iliyoshikwa na ligandi za guanidini, zenye nitrojeni nyingi, iliyoendelezwa na kundi la Herres-Pawlis huko Aachen. Kampaundi hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya mpangilio wa L na D. Zilibuniwa zivumilie hali ambazo kiwanda kinazo: laktidi ya daraja la kawaida isiyosafishwa upya, joto la nyuzi 150, hakuna kiyeyushi, na unyevu kidogo. Katika hali hizo baadhi yake zimeipita oktoati ya bati kwa kasi, na zinki si metali inayotia wasiwasi mwilini kama lilivyo bati. Kundi hilohilo limeonyesha pia kampaundi za chuma za namna hiyo. Upungufu wake ni kwamba ligandi hizi ni za kutengenezwa kwa mkono, na maabara isiyo na mtu wa usanisi haitazipata kwa kuagiza tu chupa.

Anayelinganisha vianzishi kwa kusoma majedwali ya majarida awe na tahadhari mbili. Kwanza, uzito wa molekuli wa polilaktidi uliopimwa kwa kromatografia ya jeli (inayotenga minyororo kwa ukubwa) kwa kulinganishwa na polistireni huwa mkubwa kupita kiasi. Kipimo kikifanywa katika kiyeyushi cha tetrahaidrofurani, hurekebishwa kwa kukizidisha mara 0.58, na kwa polikaprolaktoni mara 0.56 hivi. Jedwali lisilosema kama marekebisho hayo yamefanyika lisiaminiwe kwa haraka. Pili, kasi iliyopimwa kwa laktidi iliyofuwelishwa mara tatu ndani ya argoni haisemi lolote kuhusu laktidi ya gunia. Kampaundi nyingi zinazong'aa katika hali ya kwanza hazifui dafu katika ya pili, na ukweli huo hauonekani kwenye safu yoyote ya jedwali. Ningeongeza kwamba hakuna kianzishi kinachofanya polilaktidi ioze baharini. Polima hii huhitaji joto la mboji ya kiwandani, karibu nyuzi 58, na kinachoweza kubadilishwa na kianzishi ni kiasi cha fuwele tu, kwani sehemu zisizo na fuwele hushambuliwa na maji mapema zaidi.

Kwa hiyo naendelea kununua oktoati ya bati kwa polilaktidi ya L na kwa polikaprolaktoni za kawaida, natengeneza aluminiamu ya saleni ninapohitaji vipande vya L na D, na zinki ya diketiminati naiweka kwa butirolaktoni. Ninachowadai wauzaji wa oktoati ni kidogo: lebo itaje kiasi cha asidi huru na kiasi cha maji vilivyopimwa katika toleo husika, pamoja na tarehe ya kukenekwa. Asilimia 95 pekee haimwambii mnunuzi kama asilimia 5 zilizobaki zitampunguzia kasi au zitamkatia minyororo, na hayo ni madhara mawili yanayotibiwa kwa njia tofauti.